Uzi: Maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa kwa makosa (na chai tulizonyweshwa kuhusu asili yake)

#1 (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Kuna ujumbe hauchoki kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Unasema "news" ni kifupisho cha North, East, West, South, kwa sababu habari hutoka pande zote nne za dunia. Chini yake utakuta "golf", eti Gentlemen Only, Ladies Forbidden. Halafu inakuja "tip" anayopewa mhudumu, eti To Insure Promptness. Watu wanasoma, wanashangaa, wanasambaza. Yote hiyo ni chai, yaani uongo wa kutunga.

Tuzimalize hizo haraka. "News" ni "new" iliyotiwa wingi, yaani mambo mapya, kama Wafaransa wanavyosema "nouvelles". Zamani iliandikwa "newes", sasa hiyo "e" ya pili nayo ni upande gani wa dunia? "Golf" imo kwenye sheria ya Bunge la Scotland ya mwaka 1457, pale Mfalme James II alipopiga marufuku mchezo huo pamoja na kandanda, kwa kuwa vijana walikuwa wanatoroka mazoezi ya upinde. Mtindo wa kuokota herufi za mwanzo ukatengeneza neno la kutamkwa umeshamiri karne ya 20, hasa kwenye majeshi na ofisi za serikali. Neno la karne ya 15 likielezwa kwa njia hiyo, shuku kwanza, uliza baadaye.

Asili za kweli mara nyingi hazina mpangilio mzuri hivyo. Mtu kasikia vibaya, karani kasoma vibaya, mfasiri kakisia, neno likakatwa pasipo na kiungo. Kosa likarudiwa na watu wengi hadi likawa ndilo sahihi, na leo mwalimu anakukata maksi ukiandika vile lilivyokuwa mwanzo. Uzi huu ni wa maneno ya namna hiyo.

Naanza na lile ninalolipenda kuliko yote: "dord".

Mwaka 1934 kampuni ya Merriam ya Springfield, Massachusetts, ilitoa toleo la pili la kamusi yake kubwa, Webster's New International. Ukurasa wa 771 kulikuwa na neno "dord", nomino ya fizikia na kemia, maana yake densiti. Lilipewa hadi matamshi. Tatizo ni kwamba hakuna mwanafizikia wala mwanakemia aliyewahi kulitumia, kwa sababu halikuwepo.

Ilikuwa hivi. Tarehe 31 Julai 1931 mhariri wa kemia, Austin M. Patterson, aliandika kikaratasi: "D or d, cont./density". Alimaanisha kwamba herufi D, kubwa au ndogo, inaweza kusimama badala ya density, kwa hiyo iongezwe kwenye orodha ya vifupisho. Kikaratasi kikapotea njia, kikaingia kwenye rundo la maneno. Kwa desturi ya ofisi ile, vidahizo, yaani maneno yanayoelezwa kwenye kamusi, vilipigwa chapa herufi zikiwa zimeachana, basi "D or d" ikaonekana ni neno moja lililoachanishwa herufi. Likapita mhariri mmoja, likapita mwingine, likapita msahihishaji wa prufu, likachapishwa.

Tarehe 28 Februari 1939 mhariri mmoja alikuwa anapekua kamusi akaona neno halina asili. Kwa kawaida maneno ya kamusi ile yaliwekewa asili, hata ya kubahatisha. Akafuatilia, kikaratasi kikapatikana, "dord" ikahukumiwa. Karibu miaka mitano neno la hewani lilikaa kwenye kamusi iliyokuwa ikiaminika kuliko zote Marekani, na hakuna msomaji aliyelalamika. Binafsi nadhani ni kwa sababu lilisikika vizuri. Dord. Kama kitu kizito.

Nitaendelea. Karibuni mchangie, ila mkileta asili ya neno leteni na tarehe.

#2

Mkuu shusha nondo, nimeshaweka kiti. Kwa hiyo kumbe kuna maneno feki kwenye kamusi? Sisi tuliaminishwa kamusi haikosei.

#3 (mtoa mada)

Mkuu, yapo hadi yanayowekwa kwa makusudi. Kamusi ya New Oxford American ya mwaka 2001 iliweka neno "esquivalience", maana yake kukwepa majukumu ya kazi kwa makusudi. Lilitungwa mle mle ofisini ili liwe mtego: likionekana kwenye kamusi ya mtu mwingine, basi huyo kanakili. Siri ilitoboka mwaka 2005, na kweli likakutwa limeshaingia kwenye kamusi moja ya mtandaoni.

Mitego ya aina hiyo nayo ina jina, "mountweazel". Limetokana na ensaiklopidia ya New Columbia ya mwaka 1975, ambamo waliweka maisha ya mwanamke aitwaye Lillian Virginia Mountweazel, mpigapicha wa masanduku ya barua vijijini, aliyefariki kwenye mlipuko akiwa kazini kwa jarida la mambo ya vilipuzi. Hakuwahi kuzaliwa.

#4

Hiyo esquivalience ije haraka kwenye Kiswahili, kuna ofisi nazijua inazihusu.

#5

Mtoa mada, hapo kwenye news na golf nimekuelewa. Ila usije ukasema na "sincere" ni chai. Mchungaji wetu ameihubiri: wachongaji wa Roma walikuwa wanaziba nyufa za marumaru kwa nta, sanamu isiyo na udanganyifu ikaitwa "sine cera", bila nta.

#6 (mtoa mada)

Pole ndugu, na hiyo imo. Mahubiri yabaki, mfano ni mzuri, lakini kihistoria haisimami. Kilatini kilikuwa na neno zima "sincerus", lenye maana ya kitu safi kisichochanganywa, na hakuna maandishi ya Warumi wenyewe yanayolihusisha na wachongaji wanaoziba nyufa. Wanaisimu wengi wanalirudisha kwenye mzizi wenye maana ya "moja": kitu kilichoota kikiwa cha aina moja.

Tuendelee. Kukata neno pasipokatika.

Kiingereza kina "a" na "an". Ukitamka haraka huwezi kujua "n" ni ya nani. Wazungu wa karne za kati, wengi wao hawakusoma, walikuwa wanasikia tu. Neno la vazi la jikoni lilikuwa "napron", kutoka Kifaransa "naperon", kitambaa kidogo cha meza. Ni ndugu wa "napkin". Mtu akisema "a napron", mwenzake anasikia "an apron". Karne zikapita, "n" ikahamia jirani na haikurudi. Yule nyoka "adder" alikuwa "nædre". Na "umpire", mwamuzi wa kriketi na tenisi, alikuwa "noumpere", kutoka Kifaransa cha zamani chenye maana ya asiye na mwenza, mtu wa tatu anayeitwa pale wawili wanapobishana na kura zimelingana. Katika neno hilo ile "n" iliyopotea ndiyo iliyokuwa inabeba ile "asiye"!

Mengine yalikwenda kinyume, yakaiba "n" isiyo yao. "Nickname" ilikuwa "an eke name", jina la nyongeza, maana "eke" ni kuongeza. Yule mjusi wa majini "newt" alikuwa "ewt".

Sasa kabla hatujawacheka, tujiangalie. Gari lilipofika huku lilikuja na "mudguard". Sikio la Mswahili likasikia "ma-" mwanzoni, likasema huo ni wingi. Basi tukapata madigadi mengi, digadi moja. "Keep left" ya barabarani ikawa kiplefti, vikizidi viplefti. "Wire" ikawa waya, na nyingi ni nyaya, kama vile ukoo wake ni ule wa wayo na nyayo. Hata "kitabu" tuliyemkuta kwenye Kiarabu hakuwa na "ki-" ya kwetu. Ile "ki" ni sehemu ya mzizi, lakini leo nani anaweza kukuzuia kusema vitabu?

Na Waingereza wana madigadi yao. Njegere iliitwa "pease", neno la kitu kisichohesabika kama mchele. Watu wakasikia "s" mwishoni wakadhani ni wingi, wakaing'oa, wakapata "pea". "Cherry" ni yale yale: Wanormani waliotoka Ufaransa walileta "cherise", tunda moja, Waingereza wakaona hizo ni nyingi.

#7

Nimecheka hapo kwenye madigadi. Ila mkuu, hayo ni maneno ya nyumbani na jikoni. Wasomi wenyewe hawakuchemka?

#8 (mtoa mada)

Wasomi ndio walichemka vibaya zaidi, kwa sababu wao waliandika.

Wote mliopita hesabu za sekondari mmeteseka na "sine", yule mwenza wa cosine na tangent. Kamusi itakwambia limetoka Kilatini "sinus", maana yake ghuba, mkunjo wa nguo kifuani, kifua. Sasa kifua kinahusiana nini na pembetatu? Hakihusiani kabisa.

Wanahesabu wa India ndio walioanza kutumia nusu ya ule mstari unaokatisha duara, wakauita "jya" au "jiva", kwa maana ya kamba ya upinde. Jina linaeleweka: chora tao na mstari, unaona upinde. Waarabu walipochukua elimu hiyo hawakulitafsiri neno, walilikopa kama lilivyo, "jiba", na kwa kuwa Kiarabu kwa kawaida hakiandiki irabu fupi, maandishi yake yakawa yanafanana kabisa na "jayb". Hilo lilikuwa neno halisi la Kiarabu, lenye maana ya uwazi wa nguo kifuani, na siku hizi mfuko. Karne ya 12 wafasiri wa Ulaya walipokuwa wanahamisha vitabu vya Kiarabu kwenda Kilatini, walikutana na neno hilo, wakalisoma "jayb", wakaandika "sinus". Kuanzia hapo kamba ya upinde ikawa kifua, na hadi leo kila kikokotoo cha mwanafunzi kina kitufe kimeandikwa "sin", ambacho ni kumbukumbu ya mtu aliyesoma neno vibaya.

Na "zenith", ile sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa chako. Kwa Kiarabu ni "samt ar-ra's", njia ya kichwa. (Huyo "ra's" tunaye: rasi ya nchi inayoingia baharini, na rasilimali, kichwa cha mali.) Wazungu walichukua "samt" peke yake, wakaliandika kwa herufi zao "cemt". Katika mwandiko wa zama zile, "m" na "ni" ni vijiti vitatu tu vilivyosimama. Mnakili mmoja akaona "ni", "cemt" ikawa "cenit", nayo ikaja kuwa zenith. Kampuni ngapi duniani zimejiita Zenith, kwa fahari kabisa, kwa sababu ya vijiti vitatu!

Hata "admiral" ana hadithi. Ni amiri, huyu huyu wa Amiri Jeshi Mkuu. Vyeo vya Kiarabu vilianza na "amir al-", amiri wa kitu fulani. Wazungu wakachukua "amir al-" wakaacha hicho kitu. Kwa hiyo neno linaishia njiani, "amiri wa...", wa nini hatuambiwi. Halafu wakapachika "d" katikati kwa sababu lilifanana na neno la Kilatini la kustahiki sifa, "admirabilis".

#9

Kwa hiyo kuna maneno ya Kiingereza ambayo ni ndugu zetu wa damu na hatujui? Mtoa mada tuwekee hata machache.

#10 (mtoa mada)

Yapo mengi, maana wao walikopa Kiarabu kupitia Italia, Hispania na Ureno, sisi tulikopa hapa hapa baharini. Haraka haraka:

"Tariff", orodha ya ushuru, ni ndugu wa taarifa. "Magazine" ni ndugu wa hazina, maana mwanzo ilikuwa ghala; ghala la risasi bado linaitwa hivyo, na jarida likaitwa hivyo kwa kuwa ni ghala la makala. "Cipher" na "zero" zote mbili ni sifuri. "Alcove", kile chumba cha ndani ya ukuta, ni kuba yenye "al-" mbele.

Ila ninalolipenda hapa ni "monsoon". Kiarabu "mawsim" ni wakati maalumu, kwa mabaharia ni majira ya pepo za kusafiria. Wareno walilisikia katika Bahari ya Hindi wakasema "monção", likapita kwa Waholanzi, likafika kwa Waingereza likiwa monsoon. Sisi tulilipokea kwa watu wale wale wa majahazi ya kaskazi na kusi, tukapata msimu. Na tazama tulivyolifanya: ile "m" ya mwanzo ni ya mzizi, lakini tuliisikia kama "m-" ya mti na mto, tukasema misimu. Madigadi tena.

#11

Sisi wa Arsenal je? Kuna mtu wa Man U hapa ofisini anasema jina letu ni la Kifaransa.

#12 (mtoa mada)

Mwambie atulie. Ni "dar as-sina'a", nyumba ya kazi za ufundi, lililoingia Venice kama jina la karakana ya kuunda meli, na njiani "d" ya mwanzo ikadondoka. Kutoka kuundia meli likawa ghala na kiwanda cha silaha. Klabu ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali, Royal Arsenal, kule Woolwich, ndiyo maana mna mzinga kwenye nembo. Na hiyo "sina'a" ni ya ukoo mmoja na sanaa yetu. Kwa hiyo unashangilia Nyumba ya Sanaa FC. Mkicheza vibaya mtajua wenyewe mnavyoitwa.

#13

Na "OK" je? Nimesikia ni "zero killed" ya jeshi, wengine wanasema ni Kigiriki.

#14 (mtoa mada)

Hapo umeuliza, na ndiyo ile ya kipekee ambayo kweli ni kifupisho, ila cha neno lililokosewa makusudi.

Miaka ya mwisho ya 1830 waandishi wa magazeti ya Boston waliingiwa na wazimu wa kufupisha kila kitu, na utani ulikuwa kufupisha yale yaliyoandikwa vibaya. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post lilichapa "o.k." na kueleza pembeni kuwa maana yake ni "all correct". Wasomaji wakacheka, kwa sababu "all" haianzi na "o" na "correct" haianzi na "k": ilikuwa "oll korrect". Yaani "sahihi kabisa" yenyewe imekosewa yote. Vifupisho wenzake karibu vyote vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa. Mwaka uliofuata, 1840, Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa alitokea Kinderhook, New York, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook wakaanzisha vilabu vya O.K. Wapinzani wakageuza herufi zile kuwa matusi, magazeti yakajaa. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison. OK ikashinda.

Haya yote yalifukuliwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, Allen Walker Read, aliyechapisha makala zake mwaka 1963 na 1964 baada ya kupekua magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa. Kabla yake kila mtu alikuwa na chai yake.

#15

Mimi nina moja: kangaroo. Mzungu alimuuliza mwenyeji "yule mnyama anaitwaje?", mwenyeji akajibu "sijui" kwa lugha yake. Ikawa kangaroo.

#16 (mtoa mada)

Nilikuwa naisubiri hiyo. Ni chai iliyokaa muda mrefu kuliko zote, na inauma kidogo kwa sababu inamfanya mwenyeji aonekane hajui mnyama wa kwao.

Juni 1770 meli ya James Cook, Endeavour, iligonga mwamba wa matumbawe pwani ya mashariki ya Australia, wakaivuta hadi mdomo wa mto uliopo Cooktown ya leo ili waitengeneze. Wenyeji wa hapo walizungumza Kiguugu Yimithirr. Cook na mtaalamu wa mimea, Joseph Banks, wakaandika jina la mnyama kama "kanguru". Mwaka 1788 Waingereza walipofika Sydney, mbali sana kusini, walilitumia neno hilo kwa watu wa huko wakidhani nchi nzima ni lugha moja. Watu wa Sydney hawakulijua, wakalichukulia kuwa ni neno la Kiingereza! Baadaye, mwaka 1820, nahodha Phillip Parker King alipita tena kwenye mto ule ule, akauliza jina, akapewa neno jingine kabisa. Hapo ndipo wasiwasi ulipokua, na hadithi ya "sijui" ikapata pa kuota mizizi.

Miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland alikwenda kuishi na Waguugu Yimithirr na kujifunza lugha yao. Akakuta "gangurru" lipo, ni jina la aina moja ya kangaruu wakubwa. Alichopewa King inaelekea kilikuwa "minha", neno linalotumika kwa mnyama wa kuliwa, kitoweo. Kwa hiyo Cook alisikia vizuri, mwenyeji alijibu vizuri, walioharibu ni wasimuliaji.

#17

Kwa kuwa tumefika kwenye lugha za wenyeji: mimi ni mtu wa Newala. Chikungunya ni neno letu, na kila nikisoma mtandaoni naona "Swahili word". Linanikera.

#18 (mtoa mada)

Una haki ya kukereka. Mlipuko ulioutambulisha ugonjwa huo ulitokea mwaka 1952 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Tanganyika wakati huo, na ripoti za kitabibu zilipotoka mwaka 1955 zilichukua jina walilotumia wagonjwa wenyewe. Ni Kimakonde, linaeleza mtu kujikunja, na aliyewahi kuugua anajua viungo vinavyomfanya mtu asimame kama bakora. Maandishi ya baadaye yakalipachika Kiswahili kwa uvivu tu, Tanzania ikimaanisha Kiswahili. Mwenzake ni "o'nyong'nyong", homa iliyotambuliwa Uganda mwaka 1959, jina lake ni la Kiacholi, kuhusu viungo kulegea. Hilo angalau wengi wameliacha kwa wenyewe.

#19

Dada yenu nimepita kimya kimya tangu mwanzo. Kuna neno linahusu wanawake na mapambo, "tawdry". Lilinitoa jasho kwenye mtihani. Asili yake?

#20 (mtoa mada)

Karibu dada, na umeleta dhahabu.

"Tawdry" ni kitu cha kung'aa lakini cha bei chee, urembo wa kupigia kelele. Limetokana na mtakatifu, tena aliyekimbia urembo. Æthelthryth alikuwa malkia wa Northumbria, ufalme wa zamani wa kaskazini mwa Uingereza, akaacha enzi akaanzisha monasteri ya Ely mwaka 673, akafariki mwaka 679. Bede, mwandishi wa historia ya kanisa la Uingereza, anaeleza kuwa alipatwa na uvimbe shingoni, akasema ni malipo ya mikufu aliyoivaa ujanani. Jina lake refu likafupishwa kuwa Audrey. Kila Oktoba Ely kulikuwa na gulio la Saint Audrey, na bidhaa iliyopendwa ilikuwa utepe wa hariri wa kufunga shingoni, "Saint Audrey's lace". Ukitamka haraka, "t" ya saint inahama: "tawdry lace". Kosa la napron tena, ila la upande wa pili.

Mwanzoni hapakuwa na dharau yoyote, zilikuwa tepe nzuri. Zikaja kutengenezwa za bei rahisi kwa ajili ya wasichana wa vijijini, zikajaa rangi, na kufikia karne ya 17 neno likawa na maana ya uchafu wa urembo. Yule mama aliyejuta mikufu yake, jina lake ndilo lililobaki kwenye mikufu mibaya.

#21

Mkuu hii nimeipenda kuliko zote. Kuna "posh" pia, yaani cha kifahari: port out starboard home, kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi, tajiri akienda India kwa meli anakaa upande usio na jua.

#22 (mtoa mada)

Chai. Tiketi zenye muhuri wa P.O.S.H. zimetafutwa sana na haijapatikana hata moja. Asili ya posh bado inabishaniwa.

#23

Swali la mwisho la mwanafunzi: wingi wa "syllabus" ni syllabi au syllabuses? Mwalimu wetu na mwalimu mkuu wamegombana.

#24 (mtoa mada)

Wote wawili hawajui wanagombania maiti ya nani. Cicero, yule mwanasheria wa Roma, katika barua kwa rafiki yake Atticus alitumia neno la Kigiriki "sittybas", vile vilebo vinavyobandikwa kwenye magombo kuonyesha jina la kitabu. Karne ya 15 barua hizo zilipoanza kupigwa chapa, neno likasomwa vibaya likawa "sillabos", msomi mwingine akaona lirekebishwe lifanane na Kigiriki zaidi, likawa "syllabus". Kigiriki hakikuwa na neno hilo. Halafu watu wakalipa wingi wa Kilatini, "syllabi", heshima ambayo halikustahili.

Kwenye mtihani andika lolote kati ya hayo mawili, kamusi zinayakubali yote. Ukitaka kumaliza ugomvi wa walimu, andika mihtasari.